Ubao wa Mlangoni

Mtu hakuletei kilo mbili za sukari mchana wa Jumanne bila sababu. Binti wa marehemu dada yangu aliingia kibandani kwangu nikiwa nashona kola za sare za shule, akaweka mfuko juu ya meza ya kukatia, akaketi kwenye kigoda bila kukipangusa kwanza. Huyo hupangusa kila kitu. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha uchapaji na vidole vyake vimejaa wino, lakini kigoda changu hukipangusa kana kwamba mimi ndiye mchafu.

"Shikamoo, Mama Mdogo."

"Marahaba. Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi unaolewa tena."

Akacheka kicheko kile cha mtu anayetafuta pa kuanzia. Akatoa simu, akatoa spika ndogo iliyolingana na kipande cha sabuni, halafu akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nilipoiona karatasi nikaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani. Mimi na karatasi za muziki hatujawahi kupatana.

Lazima nieleze. Zamani mimi na dada yangu tulikuwa waimbaji. Wasichana wawili, gauni za rangi moja, sauti mbili zikienda sambamba kama mishono miwili ya suruali. Redio zilitupiga asubuhi na jioni. Jina letu la kazi lilikuwa Dada Wawili, lakini mtaani watu walikuwa na majina yao: yeye Malkia, mimi Kivuli. Sababu ni kwamba kwenye santuri yetu ya kwanza, ile iliyotupa jina, sauti ya dada iko pale mbele, unaweza kuishika, na yangu iko nyuma kama ya mtu anayefua nguo uani. Hadi leo nikienda sokoni kuna mzee mmoja wa vitunguu huniuliza, "Wewe si yule wa nyuma?" Nimehama muuza vitunguu mara mbili kwa ajili hiyo.

Sasa, mimi sikuzaliwa nyuma. Nilikuwa na kifua, na kila aliyetusikia tukiimba jikoni kwa mama alilijua hilo. Mtu alinirudisha nyuma, na kwa miaka thelathini na minane nimeamini kwamba mtu huyo ni dada yangu. Niliona kwa macho yangu. Siku ya kurekodi santuri ile, kabla hatujaimba mara ya mwisho, dada aliingia chumba cha kioo alikokaa fundi mitambo. Tulimwita Kimya, kwa sababu neno hilo ndilo alilolipigia kelele kutwa nzima. Waliongea, wakanitazama, wakaongea tena. Santuri ilipotoka, mimi nikawa nyuma. Nilimuuliza dada, "Ulimwambia nini yule?" Akanijibu, "Muulize mwenyewe." Mtu asiye na hatia hajibu hivyo. Tuliimba pamoja mwaka mmoja na ushee, kisha nikanunua cherehani. Tulisalimiana kwenye harusi na misiba tu, basi. Hata alipougua nilituma watu wakamsalimie. Mazishini nilikwenda, nikasimama mwisho kabisa wa watu, ili anayejua aelewe.

"Kimya alifariki mwaka jana," binti akasema. "Wanawe walipokuwa wanasafisha nyumba wakakuta kanda. Ni ya majaribio, Mama Mdogo. Ile mliyorekodi kabla ya santuri. Sauti zenu na gitaa moja, hamna ngoma, hamna tarumbeta, hamna kitu."

"Ilipotea hiyo."

"Imepatikana. Na kuna kampuni inataka kuitoa. Siku hizi watu wanapenda rekodi za hivyo, zisizopambwa. Wanasema ndiyo unamsikia mtu mwenyewe."

"Yaani tulipovaa tukapendeza hawakushiba, sasa wanataka kutuona na nguo za kulalia?"

"Ndiyo hivyo hasa," akasema, wala hakuona haya. "Mimi nimeisikiliza kila siku tangu niipate. Nasikia mpaka mnavyovuta pumzi."

Nikamtazama vizuri. Nikawaza, huyu ametumwa. Ama na kampuni, ama na tamaa yake. Nimesikia kwamba siku hizi kuna mashine ukiipa dakika moja ya sauti ya mtu inamwimbisha hata akiwa kaburini, wimbo asioujua, na lugha asiyoisema. Nani atanihakikishia? Nikaiomba karatasi kwanza. Nikavaa miwani, nikaisoma yote, mbele na nyuma, na nyuma palikuwa hapana kitu. Ilitaka niseme kwamba nimekubali. Chini zaidi kulikuwa na mistari miwili: sauti ya kwanza ni ya nani, sauti ya pili ni ya nani. Yote miwili mitupu.

"Mbona hawajajaza?"

"Hawajui. Santuri ilichanganywa na Kimya, akapanga nani mbele nani nyuma; kanda hii haijachanganywa. Wamesema aliye hai ndiye ajaze."

Hapo ndipo palipofichwa mtego, nikajiambia. Wananiachia kamba ndefu nijifunge mwenyewe. Nitaandika mimi ni wa kwanza, halafu watanicheka: Kivuli ameota jua.

"Weka nisikie," nikamwambia. "Nikisikia kitu kimoja tu cha uongo, unachukua sukari yako."

Akabonyeza.

Kwanza hapakuwa na muziki. Palikuwa na chumba. Sijui nisemeje ili nieleweke, lakini nilikijua chumba kile kabla mtu hajafungua mdomo. Kilikuwa ghorofani, juu ya mafundi viatu, na nyundo zao zilisikika chini kwa mbali, tok, tok, halafu sauti ya Kimya akipiga ukelele wake kupitia dirishani, na nyundo zikanyamaza. Mashine gani ingejua kwamba alikuwa akiwanyamazisha mafundi viatu? Nikavua miwani.

Gitaa likaanza. Tukaingia.

Tulikuwa na maikrofoni moja. Studioni kila mwimbaji ana yake, na ukizidi mwenzako mtu anakushusha kwa kidole huko aliko. Sisi kwenye majaribio tulipangwa kwa miguu. Kimya alichora chaki sakafuni, alama yangu na alama ya dada, hatua sawa kutoka kwenye maikrofoni. Ukisogea mbele unakuwa mkubwa, ukirudi unakuwa mdogo. Sheria yake aliisema kila asubuhi: "Anayepita alama, studioni nitamrudisha mimi." Niliisikia mara nyingi sana. Nilidhani ni ya watu wengine.

Ubeti wa kwanza tulikuwa sawa. Sauti mbili, huwezi kupitisha sindano katikati. Nilisahau kola zangu. Nilisahau kwamba nimemkasirikia mtu. Kwenye santuri kuna matarumbeta yanakuja kama wageni wasioalikwa, na mtu hasikii kwamba dada, kila anapomaliza mstari, ananingoja. Kidogo tu, pumzi moja, mpaka nami niwe nimemaliza. Hapa alisikika akiningoja.

Ubeti wa pili, sauti moja ikaanza kukua. Ikawa karibu, ikawa ya moto, hata pumzi yake ikawa inagonga maikrofoni. Nyingine ikabaki pale pale kidogo, kisha ikaanza kupungua.

"Hapa ndipo napapenda," binti akasema taratibu. Macho yalikuwa yamemjaa maji. "Mama anavyosogea. Nikifumba macho naona kama yuko chumbani."

Sauti ile ya mbele haikuwa ya mama yake. Ilikuwa yangu.

Naijua sauti yangu. Nilikuwa na pengo la jino huku juu, lililozibwa mwaka uliofuata, na kila neno lenye *s* lilipuliza. Lilikuwa linapuliza pale, kwenye spika, wazi kama filimbi ya refa. Furaha iliyonipata sitaificha. Nilitaka kusimama nipige meza. Niliona! Nilisema! Mimi ndiye niliyekuwa mbele, na walinirudisha, na huu hapa ushahidi! Nilitamani mzee wa vitunguu awepo.

Kisha ubao ukalia.

Ulilia mlio mfupi, kama mlango wa kabati. Binti hakuusikia, au aliusikia asiujali. Mimi nilishika ukingo wa meza.

"Rudisha."

"Wapi?"

"Kidogo tu. Hapo. Acha."

Ubao ukalia tena. Chumba kile kilikuwa na sakafu ya mbao, na ubao mmoja ulikuwa umelegea, ule wa mlangoni. Kimya aliuchukia. Ndiyo maana alama zetu alizichora mbali nao, hatua tatu nzima. Nyuma yangu mimi palikuwa na dirisha. Mlango ulikuwa nyuma ya dada. Ili ubao ule ulie, lazima dada awe ameacha alama yake na kurudi kinyumenyume, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, huku anaimba, bila kukosa hata neno.

Na kwa nini mtu arudi? Kwa sababu mwenzake anasogea. Tulikuwa na maikrofoni moja. Mimi nilipokua, ama naye akue tupigane mpaka wimbo uharibike, ama apungue. Nikaikumbuka miguu yangu, viatu vipya vya kisigino kifupi, na jinsi vilivyokuwa vikiteleza mbele ya chaki pole pole, nusu kiatu kwa kila mstari. Nilijua. Msinidanganye na mimi nisiwadanganye, nilijua siku ile. Niliona kama hakuna anayeona. Halafu nikaikumbuka siku ya santuri, na studio yenyewe, iliyokuwa na zulia, na ngoma zimepangwa nyuma ya dada hadi mgongoni mwake. Mle hakuwa na pa kurudi. Mimi nikasogea kama kawaida yangu, na Kimya akafanya alichokuwa akiahidi kila asubuhi.

Dada alipoingia chumba cha kioo, sijui alisema nini. Labda alikuwa ananiombea. Labda alichoka, alinisema. Vyovyote vile, aliponiambia nimuulize Kimya, alikuwa ananipa jibu lenyewe mkononi, na mimi nikaogopa kwenda kulichukua. Miaka thelathini na minane nimemshuku kila mtu kasoro mmoja.

Wimbo ukaisha. Kimya akasema, "Haya, ya pili," na kanda ikakatika.

"Mama Mdogo, unalia?"

"Ni vumbi la kitambaa."

Alinisogezea karatasi na kalamu, kwa adabu. "Basi sauti ya kwanza tuandike mama. Wewe ya pili. Kama kwenye santuri. Au siyo?"

Nitasema kweli: nilifikiri kumwachia. Angeenda zake na mama yake aliye karibu, mwenye pumzi ya moto, na mimi ningebaki nyuma nilikozoea, na hakuna mtu duniani angenishuku. Ingeonekana hata ni ukarimu. Lakini nilikuwa nimemficha dada yangu mara moja. Kumficha tena, tena kwa mtoto wake, nilishindwa.

Nikaandika jina langu kwenye mstari wa kwanza. Uso wake ukabadilika. Najua alichofikiria, maana ndicho ambacho ningefikiria mimi: huyu mzee hata maiti anaionea wivu.

"Ndiyo ukweli," nikamwambia. "Yule wa mbele ni mimi. Sikiliza ile *s*."

"Kwa hiyo siku zote hizi nimekuwa..." Alianza kuikunja karatasi, haraka haraka, anataka kuondoka.

"Kaa. Hatujamaliza. Rudisha ubeti wa pili, ongeza sauti mpaka mwisho. Na mimi usinisikilize. Nipite, nenda nyuma yangu."

Alisita, kisha akabonyeza. Akainama hadi sikio likagusa spika. Pale ndani mimi nilikuwa napiga kelele, na nyuma yangu ile sauti nyingine ilikuwa inakwenda, safi, haijakosa neno. Ubao ukalia. Safari hii aliusikia, nikaona mabega yanashtuka.

"Huyo ndiye mama yako," nikasema.

"Mbona anakwenda mbali?"

"Ananipisha," nikasema.