Chupa Namba Saba

Ijulikane kwa wote watakaosoma haya kwamba mimi niliteuliwa Mhifadhi Mkuu wa Sampuli, Bweni la Pili. Kwa maneno mengine, nilibeba mikojo ya wenzangu.

Mtafiti wa vinasaba, tuliyempachika jina Mama Chupa, alikuja shuleni kwetu kutafuta dalili za mapema za ugonjwa wa figo. Kila chupa ilikuwa na dawa kidogo chini.

"Bila dawa, vinasaba vinaharibika kabla havijafika maabara," alisema. "Ukimaliza, funga, pindua mara kumi, weka kwenye barafu."

Tulicheka sote isipokuwa Kijiko, rafiki yangu wa kitanda cha juu. Figo zilimuua baba yake, na kaka yake huunganishwa kwenye mashine mara tatu kwa wiki. Kijiko aliipindua chupa yake mara ishirini.

Mimi nikaweka trei kichwani kama mhudumu wa hoteli, nikakata kiuno kidogo. Namba saba ikadondoka, kifuniko kikafyatuka, na mkojo wa Kijiko ukaishia sakafuni. Ningeweza kumwita. Badala yake nilichukua chupa ya akiba, nikaijaza mkojo wangu, kama nilivyokwisha kujaza namba tatu, nikaandika saba. Nikaipindua mara kumi, maana mimi ni mtu wa utaratibu.

Kwa wiki sita nilimgawia nusu ya sukari yangu. Akadhani nimeanza kuwa mtu mwema.

Majibu yalikuja asubuhi: Kijiko hana dalili yoyote. Aliazima simu ya matroni akampigia mama yake, na kilio cha furaha cha mama huyo nilikisikia nikiwa mlangoni. Mchana tukaitwa wawili.

"Nyinyi ni mapacha?" Mama Chupa aliuliza.

"Sisi?" Kijiko alicheka. "Mama, hebu mtazame masikio. Hayo ni ya ukoo mwingine kabisa."

"Basi chupa ya tatu na ya saba zimetoka kwa mtu mmoja. Dawa imefanya kazi yake, hakuna kilichoharibika."

Kijiko akanigeukia, bado anatabasamu, akingoja mzaha wangu.

"Yako niliimwaga," nikasema, nikitazama viatu vyake. "Ile saba ni mimi. Mama yako amelilia figo zangu."