Msalaba wa Mulei

Ndinda alirudi Sultan Hamud mwaka wa 1977, reli ya Afrika Mashariki ilipogawanywa. Mumewe Mulei, fundi wa reli, alikuwa amezikwa Moshi, mahali walipoishi na kusali na Walutheri miaka kumi na minne. Hapa kwao hapakuwa na kanisa lao. Kwa hiyo Ndinda alitenga pembe moja ya sebule: meza ndogo, kitambaa cheupe, mishumaa miwili, na msalaba wenye umbo la Yesu aliyesulubiwa, ambao Mulei aliuchonga mwenyewe. Kila asubuhi aliungama hapo, akasoma Biblia, akaimba.

Shemeji yake Mutiso, mzee wa kanisa la jirani, hakupendezwa.

"Hiyo ni sanamu," alimwambia. "Haiwezi kukaa katika boma la baba yangu."

"Siiombi, shemeji. Inanikumbusha yule ninayemwomba."

Alhamisi moja Ndinda alitoka sokoni akakuta mlango wazi. Mishumaa ilikuwa imekanyagwa, kitambaa kiko sakafuni, msalaba haupo. Mama mkwe wake, Kavata, alikuwa ameketi uani, ameinamisha kichwa.

"Mutiso amekuja na akina mama wawili wa maombi," alisema. "Wameimba, kisha wameuchoma."

Ndinda hakuingia hata ndani kuweka kikapu. Alimkuta Mutiso kwake akinywa chai.

"Umechoma kazi ya mikono ya ndugu yako."

"Tumekusaidia. Tumekuwa tukikuombea."

"Kumwombea mtu ni kumwingilia nyumbani?"

"Ungekuwa umeokoka," Mutiso alisema, akijiongezea chai, "usingekuwa na hasira hivi."

Ndinda aliondoka haraka, akiogopa mkono wake ungempiga.

Jumapili alikwenda katika kanisa la Mutiso. Wakati wa ushuhuda ulipofika akasimama, na watu wakatabasamu, wakidhani amekuja kuokoka.

"Bwana asifiwe," alisema. Wakaitikia. "Mimi nimebatizwa. Mume wangu nilimzika kwa Neno hili hili mnalosoma hapa. Alhamisi mzee wenu aliingia kwangu nikiwa sipo, akachukua kitu changu, akakichoma. Mtu akiingia hivyo na kuchukua kuku, mnamwita mwizi. Nataka mniambie huyu mnamwitaje."

Mchungaji alikohoa, akaomba wimbo. Mutiso alitazama viatu vyake. Kabla wimbo haujashika, Kavata aliinuka kwenye benchi la akina mama wazee, akachukua mkongojo wake, akapita katikati ya kanisa mpaka kwa Ndinda. Wakatoka pamoja.

Mutiso hakuomba msamaha, siku ile wala baadaye.

Alasiri Ndinda alitandika tena kitambaa. Alikuwa amekifua mara mbili, lakini alama ya kiatu haikutoka. Kavata alivuta kigoda, akaketi mbele ya meza.

"Nifundishe mnavyosali," alisema.

Ndinda alianza na Baba Yetu, ambayo wote wawili waliijua. Walipofika pale pa kuwasamehe waliotukosea, Ndinda akakatiza. Alianza tena, akaishia palepale.

"Bado, mama," alisema. "Siwezi kumdanganya Mungu."

"Basi tungoje," Kavata akasema, na wakaendelea kuketi.