Injini ya Pikipiki Niliyoitetea

Mimi ni mbishi, na sioni haya kusema. Lakini ubishi wangu wa mwezi ule juu ya injini ulikuwa ubishi wa mwoga, na hilo ndilo lililokuwa likinikera.

Binti yangu alikuwa amenunua gari la kuunganisha mwenyewe. Linakuja kwenye masanduku: bodi, viti, taa na michoro ya fremu. Fremu unaichomelea mwenyewe, injini unaitafuta mwenyewe. Kuchomelea ndiyo kazi yetu sote wawili. Mwaka wa kumi huu tuko karakana moja, na mageti anayochomelea yeye watu wanayafuata kutoka mbali. Hata hivyo nilimkataza asiiguse fremu ile, nikasema hiyo si kazi ya kujifunzia. Akaitikia, "Sawa, Baba," akaenda kunoa patasi iliyokuwa imeshanolewa.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ni fundi wa magari. Tunamwita Spana, maana hata siku ya harusi yake alikuwa nayo mfukoni. Alituletea injini mbili, moja ya pikipiki kubwa na moja ya gari dogo, tukazilaza sakafuni tuchague. Yeye alitaka ya gari: ina gia ya kurudi nyuma, haichoki upesi, na vipuri vyake havisumbui. Mimi nikaitetea ya pikipiki mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Nilisema ni nyepesi, inashika kasi haraka, na gari dogo halitaki mzigo. Kurudi nyuma? Atashuka asukume. Spana akaniuliza kama asukume hata kwenye mvua. Nikamjibu mvua hainyeshi kila siku. Mke wangu akasema kwa akili zetu bora tungetengeneza toroli.

Ukweli sikuwa nimemwambia mtu. Macho yangu yalikuwa yameingia ukungu. Injini inakaa juu ya vikono vinne vya chuma, na vyote nilivichomelea mimi. Viwili vya mwisho nilivichomelea kwa kubahatisha, sijui moto ulishika chuma au ulipita juu juu, kisha nikavipaka rangi upesi. Injini ya pikipiki watu wawili wanaibeba mikononi, nikajidanganya kwamba vitaimudu. Ya gari ingevikwanyua barabarani, na nyuma ya usukani angekuwa mwanangu. Kuvirudia, ningevirudia kwa macho yapi? Na kumwomba mtu avirudie kulikuwa ni kukiri kwamba nimekwisha.

Ijumaa binti yangu akasema amechagua ya gari. Gari ni lake, nikanywea.

Jumamosi asubuhi Spana akaining'iniza injini kwenye winchi ya mnyororo, akaanza kuishusha pole pole. Binti yangu alichuchumaa, mkono ameuingiza ndani ya fremu alinganishe matundu ya bolti. Niliuona ule mkono, hata kwa macho yangu yenye ukungu.

"Simamisha," nikasema. "Toa mkono hapo, mwanangu."

Nikawaeleza yote, toka macho mpaka rangi. Alifunga winchi, akachukua nyundo, akagonga kikono cha kwanza na cha pili, vikatulia. Cha tatu kiling'oka kwa pigo moja. Nilitamani ardhi inimeze, na papo hapo nikajisikia mwepesi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kilikuwa kimeng'oka pale, mbele yetu, na injini bado iko juu.

Binti yangu akakiokota, akakigeuzageuza.

"Kumbe ni hili, Baba? Mimi mwezi mzima najua huniamini. Umeninyima fremu, ukapinga injini niliyoitaka, nikasema basi, baba yangu ananiona si fundi."

Hapo ndipo nilipoumia hasa. Nilikuwa nikilinda jina langu, kumbe nalivunja lake.

"Wewe umenipita tangu mwaka juzi," nikamwambia. "Ulimi wangu ndio uliokuwa mzito kukiri."

Akajifuta uso kwa mkono wa ovaroli. "Haya, sema kweli sasa. Kama vikono vingekuwa salama, ungechagua injini ipi?"

"Ya gari," nikasema. "Toka siku ya kwanza."

Spana akakaa juu ya tairi, akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Akasema amemwoza dada yake kwa mtu wa ajabu.

Binti yangu alikitoa na kikono cha nne, akasafisha chuma, akavaa ngao ya uso. Mimi niliwapa mgongo nikasikiliza, kwa sababu kuchomelea vizuri kunasikika: kunachachatika mfululizo kama mafuta kwenye kikaango, na kubaya kunakatikakatika. Kwake hakukukatika hata mara moja. Nilimwambia apunguze mwendo kwenye kona, akapunguza. Alipomaliza, Spana alivigonga vikono vyote hadi akatoka jasho, havikutikisika. Injini ikashuka, ikakaa mahali pake.

Tukiwa tunanawa mikono, mteja akaingia kuulizia mlango wa chuma. Alinitazama mimi, mwenye mvi, akataka kujua kama ndimi fundi wa hapa. Nikamwonyesha binti yangu.

"Fundi ni yule," nikasema.

Nikasubiri roho iniume. Haikuniuma. Nilisikia njaa tu, nikaenda nyumbani kula.