Kijiko cha Jumanne

Velomaro ana huruma, na huruma hiyo nusura imkoseshe kazi.

Profesa Hanitra wa Antananarivo alimwahidi kazi ya kudumu ya kuwaongoza watafiti msituni, mradi tu ampatie kiota kizima cha sisimizi wale wa chini ya ardhi, wa rangi ya chungwa, vipofu, ambao wazee wengi kijijini wamekufa bila kuwaona. Jumapili akakipata chini ya gogo bovu, na malkia ndani, akakitia chupani. Kisha akachungulia. Malkia alikuwa anamtoboa mwanawe ubavuni na kumnywa damu, taratibu, kama mgeni aliyekaribishwa chai.

Mtetezi wa wanyonge akaingia kazini. Akawahamishia watoto wote chupa ya pili, akalala usingizi wa hakimu aliyemaliza kesi.

Jumanne asubuhi Profesa alipofika, sisimizi wakubwa wote, pamoja na malkia, walikuwa wamekauka.

"Umewatenga na chakula chao," akasema. Akamweleza kwamba wakubwa hawawezi kumeza nyama. Wanawinda tandu, watoto wanamla, kisha wakubwa wanajinywea damu ya watoto kidogo kidogo. Mtoto hafi, anapata kovu na kuendelea kukua. Velomaro akauliza kama hao watoto hawalalamiki. Profesa akajibu kwamba gari lake linaondoka saa nane, na kazi inaondoka nalo kama hakuna kiota kingine.

Sasa, Jumanne hapa ni mwiko kuchimba ardhi. Na mama mkwe wake, Rasoavelo, alikuwa kibarazani akiilinda Jumanne kana kwamba ameizaa yeye.

Velomaro akapita mbele yake na kijiko cha wali.

"Unakwenda wapi na hicho, mkwe wangu?"

"Mama, mwiko ni wa jembe. Kijiko hakichimbi. Kijiko ni cha kulia."

Rasoavelo akalipima neno hilo, akabeba kigoda chake, akawafuata yeye na Profesa mpaka kwenye gogo jingine, akaketi.

"Umesema kweli, baba. Basi kula."

Akala. Kila kijiko cha udongo kilipita kwanza mdomoni, mama mkwe akikodoa macho. Baada ya vijiko kama ishirini, malkia wa kiota kipya akajitokeza ukingoni mwa kijiko, karibu kabisa na ulimi. Profesa akamdaka, akamtia chupani pamoja na watoto wake na wenzake wakubwa, kisha akamwuliza Velomaro kama bado anaitaka kazi.

Velomaro akaitikia kwa kichwa, maana mdomo haukuwa na nafasi.

Mama mkwe akamwuliza kama aongezwe.