Diwani na Mstari wa Chaki

Mimi Josepha sijawahi kushindwa na mtu hapa Kariakoo, na nimeuza mchele, maharage na dagaa Mtaa wa Msimbazi miaka ishirini na mbili. Aliyenishinda ni mbwa. Tena mbwa mwenyewe hata ndoo ya lita ishirini inampita kimo.

Aliniachia mzee Ghanshyam wa ghorofani, alipohamia kwa mwanawe Upanga, kwenye jengo wasikotaka mbwa. "Huyu teria, mama," akaniambia. "Kazi yake panya. Ila kichwa ngumu sana." Wiki moja tu, dukani kwangu hakuna panya hata wa dawa. Nikampenda papo hapo. Nikamwita Diwani, maana alizunguka mtaa mzima akikagua, na ukimwambia jambo anakutazama tu, kisha anaendelea na yake.

Tatizo likawa baraza. Duka langu na la Bi Kuruthumu, muuza kanga, yanatumia baraza moja. Bi Kuruthumu ndiye aliyenishika mkono mume wangu alipofariki, na kila Krismasi nikienda Moshi funguo zangu hubaki kwake. Sasa yeye ni mtu wa swala tano. Mbwa akimgusa na pua yake mbichi, nguo ile ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na udongo Kariakoo utaupata wapi, kote saruji? Mara ya kwanza nilimchotea kwenye kopo la aloevera yangu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu Diwani alijifuta kwenye buibui jipya. Aloevera ilishabaki mizizi mitupu, na Bi Kuruthumu hakucheka.

"Mama Allan, nakupenda, unajua," akasema, watu wote wanasikia. "Lakini sioshi tena. Ama mbwa aondoke, ama mimi nitafute fremu kwingine. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo."

Nikachora mstari wa chaki katikati ya baraza, nikaanza kumfundisha asiuvuke. Kila asubuhi, makuli hawajaanza kushusha magunia, mimi na mbwa tumeshikana. Nikivuta kamba, na yeye anavuta. Nikifoka, anabweka. Nikimwonyesha kandambili, anaichukua anakimbia nayo.

"Mama, hapo nani anamfuga mwenzake?" kuli mmoja akaniuliza. Nilichomjibu hakiandikiki.

Nikampigia mzee Ghanshyam. "Shikamoo, mzee. Mbwa wako ananitia wazimu."

"Marahaba. Umemvuta?"

"Nimemvuta, ndiyo."

"Basi yeye anaona mchezo. Akitulia mwenyewe, mpe kitu. Kila mara, bila kelele."

Bila kelele! Mimi? Nilijaribu siku moja, na kufika saa nne nilikuwa nimeshamwita mpumbavu mara sita. Mchana nikienda stoo yangu Mchikichini, nilimfunga kwenye nguzo ya upande wangu, kamba ikiishia kwenye mstari, nikaondoka nimenuna. Wiki hiyo Bi Kuruthumu alinunua dagaa kwangu mara mbili. Sikumuuliza. Nilidhani ana wageni.

Ijumaa ikafika. Nikamwita shemeji yangu Theophil, mdogo wa marehemu, anayefuga kuku Kibaha, aje na pikapu yake. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri. Mbwa nitamlilia, nilijua, lakini Bi Kuruthumu sina wa pili.

Mvua ilikuwa imenyesha ikafuta chaki yote. Theophil akashika kamba, Diwani akalala chali. Theophil akavuta. Diwani akajipindua, akajikunja, kola ikamchomoka kichwani, na huyooo! Akafyatuka barazani moja kwa moja kuelekea kwa Bi Kuruthumu, aliyekaa kwenye kigoda na buibui lake la Ijumaa limepigwa pasi.

"Diwani! Yesu wangu, Diwani!" Nikafumba macho.

Nikafumbua. Diwani amekaa kitako palepale mstari ulipokuwa, ingawa mstari haupo, anatikisa mkia, anamtazama Bi Kuruthumu.

Bi Kuruthumu akaingiza mkono kwenye kopo chini ya kigoda, akamrushia dagaa mmoja. "Leo umechelewa," akamwambia.

"Bi Kuruthumu! Tangu lini?"

"Tangu Jumamosi. Ukienda stoo tu. Simgusi, hanigusi. Akitulia, namrushia. Wewe unamfokea, na huyu hafokewi."

"Na mbona hukuniambia?"

Akainamisha macho, akawa anakunja kanga iliyokwisha kukunjwa. "Nilishatoa neno mbele za watu, Mama Allan. Nikaona haya kulirudisha. Ikabidi nimsaidie mbwa ashinde."

Nikalia palepale mbele ya makuli, wala sijali. Theophil akarudi Kibaha na kilo tano za mchele badala ya mbwa.

Mstari hatujauchora tena, na aloevera imechipua. Nikimwita Diwani kwa sauti yangu yote, anageuza sikio moja. Bi Kuruthumu akisema "Diwani" taratibu, anakaa. Naona wivu, sikatai.

Juzi nilimpelekea funguo za Krismasi kama kawaida. Akazipokea, akaniuliza, "Na mbwa?"

"Theophil atamchukua hizo wiki mbili."

"Akafanye nini Kibaha?" Akanirushia jicho. "Tafuta tu mtu wa kumtembeza na kumfungia usiku. Mchana atakaa na mimi."