Wavu Juu ya Kiti cha Emil Varga

Bi. Hruska wa nyumba ya pili anasema Jumanne ile alikuwa jikoni anapika kabichi za kukunjia nyama, redio iko dirishani, mlango wa nyuma ameuacha wazi kwa sababu ya joto. Mtangazaji akasema Eliseo Tavares ameupiga mpira kule Texas, mpira unapaa, unapaa, umepita taa. Kisha akasema, "Haujashuka." Papo hapo, anasema Bi. Hruska, kitu kikapita mlango wa nyuma kikatumbukia sufuriani, chubwi! Akakiopoa kwa upawa. Ulikuwa mpira wa besiboli wenye mshono mwekundu, na alama ya gongo la kupigia bado mbichi ubavuni.

"Mpira huu umenipasulia kabichi mbili," alimwambia Marcy Varga uani, ameushika mpira kwa kitambaa cha vyombo. "Mpelekee baba yako. Mimi timu ile siitazami tena tangu wamuuze yule kijana."

Marcy aliupokea. Ulinuka nyanya.

Tavares alikuwa mpigaji wa Korongo, timu ya mji wao wa Marlow, Ohio. Mwanzoni mwa msimu mwenye timu, Bwana Whitcomb Ames, alitangaza Mpango wa Miaka Mitano. Wachezaji wa mishahara mikubwa waliuzwa wote, Tavares akiuzwa Texas, wakaletwa vijana wa bei nafuu ambao hata majina yao yalikuwa hayajashonwa migongoni. Timu ifungwe, alisema Bwana Ames, na ifungwe sana, maana timu zinazokosa michezo ya Oktoba, ile ya kutafuta bingwa, ndizo zinazotangulia kuchagua vijana bora wa nchi, na anayefungwa zaidi ana nafasi zaidi. Baada ya miaka mitano Marlow watakuwa mabingwa.

Emil Varga, baba yake Marcy, aliusikiliza mpango huo hadi mwisho, akazima redio.

"Miaka mitano," alisema. "Daktari hajanipa hata mitano ya umri wa mbwa."

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari alisema utamfikisha majira ya majani kupukutika, zaidi ya hapo asiulizwe. Emil alikuwa na kiti chake nyuma ya ukuta wa kushoto tangu Marcy hajazaliwa, na katika muda wote huo Korongo hawajacheza Oktoba hata mara moja. Alichotaka kuona kabla ya kuondoka ni hicho tu.

Jirani yake wa kiti, Dutch Kessler, aliupenda mpango. "Wewe Emil, fikiri kidogo," alimwambia. "Ukishika nafasi ya katikati kila mwaka, huvuni kitu. Bora uanguke mara moja uinuke na watoto wazuri. Wengine walifanya hivyo wakanyanyua kombe."

"Na waliokufa katikati ya kuanguka?"

"Hao watapata habari huko walipo."

"Basi nenda wewe kwanza, Dutch, ukanishikie kiti."

Marcy aliyasikia hayo akipita na beseni lake la karanga. Kazi yake ilikuwa kuuza karanga majukwaani, na kuuza karanga kunakufundisha kutazama watu bila wao kujua. Aliona baba yake anacheka, na mkono uko kifuani.

Jumamosi iliyofuata, jua likiwaka, mpira ulishuka kutoka mbinguni ukaangukia jukwaa la kushoto. Uwanjani hakuna aliyekuwa amepiga kitu. Mrushaji alikuwa bado anafunga kamba za kiatu. Jamaa mmoja wa kiwanda cha matairi akaudaka.

Sasa, Marlow wana desturi yao. Mpira uliopigwa na wageni ukivuka ukuta, yaani wamepata pointi, hauwekwi mfukoni. Unarudishwa uwanjani kwa dharau, na jukwaa zima linapiga kelele mpaka urudishwe. Kwa kuwa Korongo msimu ule hawakupiga mipira ya kuvuka ukuta, watu walidhani ni wa wageni.

"Rudisha! Rudisha! Tupa takataka hiyo!"

Jamaa akautupa. Mpira ukagusa nyasi, ukadunda, ukapanda tena juu ya paa la jukwaa ukaelekea kusini magharibi. Baada ya muda redio ya Dutch ikasema mpira wa Tavares hatimaye umeshuka kule Texas nje ya ukuta, na Texas wamepata pointi.

Emil aliinuka. "Wapumbavu sisi! Ule ulikuwa wetu! Tumemrudisha kijana wetu wenyewe!"

Kesho yake ulianguka mwingine. Mwanamke mmoja aliudaka kwa kofia, akaukalia. Hakuna aliyedai urudishwe. Mwamuzi alikuja mpaka ukutani, akaomba auone, akaugeuza geuza.

"Nani ameupiga?"

"Tavares," watu wakajibu.

"Haukurudishwa?"

"Hautarudishwa!"

Mwamuzi akafikiri kidogo. "Mpira umetua kwenye jukwaa la Korongo," akasema, "na uko chini ya mama. Pointi moja, Korongo." Akarudi kupangusa bamba lake la chini, pale anaposimama mpigaji.

Kelele zilizopigwa siku hiyo zilimwaga karanga zote za Marcy, na hakuna aliyezidai.

Baada ya hapo mipira ilikuja kama wageni wa arusi. Ya Tavares kutoka Texas, ya Pruitt kutoka Boston, ya yule mrefu Lindqvist aliyeuzwa Chicago. Kila aliyeuzwa alipiga huko aliko, na mpira ukaja kutua nyumbani. Vijana wa bei nafuu, kwa kuona wanasaidiwa, nao wakaanza kukimbia kama watu waliofumaniwa. Korongo wakashinda, wakashinda tena. Watu walikuja na glavu, na ndoo, na mashuka yaliyoshikwa pembe nne. Bi. Hruska alikuja na sufuria.

"Imeshazoea," alisema.

Emil alinenepa mashavuni. Daktari alimpima, akaandika moyo ule ule, lakini Marcy alimwona akipanda ngazi za jukwaa bila kushika chuma. Hata Dutch alianza kuja na glavu, akisema ni ya kujikinga.

Ikafika siku ya mwisho ya msimu, mchana wa baridi kidogo. Wakishinda, wanacheza Oktoba. Wakifungwa, msimu umekwisha na Bwana Ames anapata nafasi yake ya kuchagua.

Asubuhi hiyo Marcy alipofika na beseni, alikuta mafundi wanashuka kwenye nguzo. Juu ya majukwaa yote, kutoka nguzo hadi nguzo, ulikuwa umetandazwa wavu mpya mweusi. Msaidizi wa Bwana Ames, kijana anayeitwa Preston, alikuwa amesimama ngazini akigawa kofia zilizoandikwa jina la Mpango.

"Ni kwa usalama wa mashabiki," alisema.

"Hela za Tavares hazikuwepo," alisema Bi. Hruska, akiangalia juu. "Za wavu zimepatikana."

"Mama, chukua kofia."

"Nitawekea mayai."

Watu wakakaa chini ya wavu. Hakuna aliyeshangaa.

Mchezo ulikuwa wa roho mkononi. Vijana walicheza kufa na kupona. Mmoja aliteleza mpaka akapoteza kiatu, akaendelea na soksi. Zamu ya mwisho ilipofika, pointi zilikuwa sawa. Uwanja mzima ulikuwa umesimama. Redio ya Dutch ikasema Tavares anaingia kupiga kule Texas.

"Yuko," Dutch alinong'ona, na mkono wake ulikuwa umeshika mkono wa Emil. "Emil, yuko."

"Unaunga mkono upande gani, Dutch?"

"Nyamaza, sikiliza!"

Ameupiga. Unapaa, unapaa. Haujashuka.

Watu elfu kwa elfu wakainua nyuso. Mpira ulitokea mawinguni, mdogo, mweupe, ukashuka moja kwa moja juu ya kiti cha Emil Varga, ukagonga wavu, ukadunda mara moja, ukatulia. Ulikuwa juu ya glavu yake kwa kimo cha mtoto. Alijiinua kwa ncha za vidole vya miguu. Aliuona mshono.

Mwamuzi alikuja mpaka ukutani, akatazama juu.

"Haujatua," akasema, akangoja.

Marcy aliweka beseni chini. Preston alikuwa ngazi mbili tu chini yake, na kofia zake mkononi, na kiunoni ana kisu kidogo alichokatia kamba za maboksi.

"Bwana Preston," Marcy alisema, "sikuombi wavu wote. Panda kiti, toboa hapo tu. Tundu moja, la mpira mmoja. Baba yangu ndiye huyu."

Preston aliutazama mpira. Akamtazama mzee aliyenyoosha glavu, uso umewaka kama wa mvulana. Akatazama ng'ambo ya uwanja, kwenye dirisha la Bwana Ames, na dirisha lilikuwa limefungwa pazia.

"Tundu moja, kaka," alisema Marcy.

Jukwaa zima lilikuwa limegeuka kumtazama Preston, na mpira ulikuwa pale pale, na mkono wa Emil haujashuka.