Mlima au Mto

Waya alikuwa fundi umeme, na dada yake mshonaji. Wazazi wao walifariki Waya akiwa hajajua hata kufunga kamba za viatu, na dada ndiye aliyemlea kwa cherehani yake. Sasa mdogo mtu alikuwa na kazi ya kueleweka, akaapa kumpeleka dada yake matembezi ya kweli, nje ya nchi.

Nchi jirani zilikuwa mbili. Ya kusini ilikuwa na mlima mrefu. Ya kaskazini ilikuwa na mto wenye maporomoko, ambao watu huushuka kwa boti la mpira huku wakipiga mayowe.

“Dada, twende wapi?”

“Popote. Chagua wewe,” alijibu, macho yakiwa kwenye sindano.

Waya akachagua mlima. Ili kujifua, jioni walipanda ngazi za jengo la ghorofa alikokuwa akifunga umeme. Walipofika ghorofa ya tatu, dada akasimama na kuegemea dirisha. Alisema anatazama magari, lakini mkono wake ulikuwa ukikanda goti. Kukanyaga cherehani miaka nenda miaka rudi kulikuwa kumelimaliza goti hilo, naye hakuwahi kumwambia mtu.

Moyo ulimuuma Waya. Walipokuwa wakishuka akasema, kama aliyekumbuka jambo dogo, “Nimefikiri upya. Bora mto. Mlimani tutaganda bure.”

Dada akasimama. “Juzi hukulala kwa ajili ya mlima. Leo unaogopa baridi?”

Waya akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

“Umeona goti, ukanionea huruma. Mdogo wangu, mimi si yai.”

“Si wewe uliyeniambia nichague?”

“Nimezoea kusema hivyo. Hata chakula cha jioni, ulichotaka wewe ndicho kilichopikwa. Niulize tena, halafu usinijibie.”

Wakakaa kwenye ngazi zenye vumbi la saruji. Waya akauliza tena, polepole.

“Mlima,” alisema dada. “Maji yananitia kiwewe, sijui hata kuelea. Kilele ni chako. Mimi nifike kambi ya kwanza tu, nilale kwenye hema, nisiamshwe na mteja anayedai gauni lake.”

Wakaenda. Dada alipanda kwa mkongojo, mwendo wa kinyonga, akafika kambini amechoka hoi, uso umemnawiri. Kesho yake Waya aliendelea juu na kiongozi wao. Hakufika mbali. Kichwa kilimgonga, akatapika, kiongozi akamrudisha.

Alimkuta dada nje ya hema, amejifunika blanketi, mpishi wa kambi akimsimulia visa vya mama mkwe wake. Dada akamtazama usoni, asiulize habari za kilele. Akamsogezea nusu ya blanketi.

“Nimeshindwa, dada.”

“Umerudi mzima. Kunywa chai.”

Akanywa. Mpishi akaendelea na kisa chake, na baada ya muda Waya naye akajikuta anacheka.